Kalkuleta Mbili na Gundi ya Mkorosho

Likizo hii ya Juni nilipita kwenye shule yangu ya zamani, Nachingwea, kuchukua cheti changu cha kidato cha nne, nikamkuta makamu mkuu wa shule anapigana na kabati la chuma. Mkuu wetu alikuwa amestaafu mwezi huo na kuondoka na ufunguo mfukoni, sijui kwa kusahau au kwa kukomoa, na makamu alikuwa ameamua kutumia nyundo. Kabati lilipokubali kushindwa, vikatoka vitu ambavyo miaka yote tuliambiwa ni nyeti: kombe la mpira lenye sikio moja, kalkuleta sita zenye vumbi, katoni ya chaki zilizogandana, mipira miwili isiyo na pumzi ambayo tungeweza kuichezea ujana wetu wote, na boksi la sabuni lililoandikwa kwa mwandiko ninaoujua, wa Mwalimu Kaijage wa hisabati: MALI YA IDARA. USIGUSE. Makamu akachungulia ndani, akaona kalkuleta mbili zenye nyaya, akakunja pua. "Haya si yale madudu yako wewe na mwenzako?" akaniuliza. "Yale ya Ruangwa?" Nikasema ndiyo, Mwalimu. "Basi ondoka nayo. Betri zimevuja, zinanuka." Hivyo ndivyo nilivyotoka getini na cheti mkono mmoja na aibu mkono wa pili, na aibu ndiyo iliyokuwa na uzito.

Wanaoandika habari za maisha yao huanza na babu, shamba la babu na busara za babu. Babu yangu namheshimu, lakini hakuwahi kugusa kalkuleta, kwa hiyo atatusubiri nje. Inatosha kujua kwamba baba ni mtumishi wa serikali aliyehamishiwa Nachingwea kutoka Songea, kwamba sisi ni Wangoni, na kwamba nilifika kidato cha tatu nikiwa na mdomo ambao walimu watatu, kila mmoja kwa wakati wake, walishauri ushonwe. Mwaka ninaousimulia ni huo wa kidato cha tatu. Najua watu wa umri wangu hatutakiwi kuandika kumbukumbu; tunaambiwa tusubiri mvi kwanza. Lakini mimi bado nina hasira mbichi, na nataka kuziandika kabla hazijaiva zikawa mawaidha.

Kalkuleta zenyewe zilikuwa nane. Aliziacha mwalimu mmoja wa kujitolea kutoka ng'ambo aliyetufundisha mwaka mzima, akaugua malaria mara nne, akaondoka akilia. Usifikirie kalkuleta ya muuza duka. Hizi zilikuwa kubwa kama tofali dogo, zenye kioo kinachochora grafu: unaandika mlinganyo, mstari unapanda na kushuka wenyewe kama barabara ya kwenda kijijini Mnero. Kwa chini zilikuwa na tundu la kuchomekea waya, na ukiunganisha mbili kwa waya huo, namba uliyoandika kwenye moja unaweza kuituma kwenye nyingine. Waya ulikuwa mmoja tu, mfupi kama mkia wa mbuzi. Mtihani wa taifa wa kidato cha nne haukuruhusu kalkuleta ya aina yoyote, tulitakiwa tutumie vitabu vya majedwali, kwa hiyo Mkuu alikuwa anazitazama kalkuleta zile kama mtu aliyepewa zawadi ya makoti ya baridi. Kila kikao cha walimu alikuwa anauliza kama si bora zifungiwe kabatini zisije zikaibwa. Na kila kikao Mwalimu Kaijage alikuwa anajibu kwamba kitu kilichofungiwa kabatini kimeshaibwa tayari.

Mwalimu Kaijage alitokea Bukoba, na umbali huo aliubeba usoni. Kila muhula aliandika barua ya kuomba uhamisho, kila muhula haikujibiwa, na hasira za barua tulizilipa sisi. Alikuwa na sheria moja darasani. Akikuuliza swali unasimama, na hukai mpaka ujibu kwa sauti. Ukiandika jibu kwenye daftari hakuangalia. "Jibu lisilosemwa halipo," alikuwa anasema, akigonga meza. "Hata mimi naweza kuwa na mashamba kichwani." Na kwa sheria hiyo, mtu aliyekuwa anajua hisabati kuliko wote darasani alimaliza vipindi vingi akiwa amesimama wima kama nguzo ya simu.

Huyo ndiye Bosko. Alitokea Mnero, Mmwera, mwembamba, mwenye vidole virefu vilivyoungua kila ncha, na alikuwa na kigugumizi. Si kile kigugumizi cha kurudia neno mara mbili ukapita. Chake kilikuwa kinamshika kama mlango wenye komeo kwa ndani: unaona kabisa neno lipo, linasukuma, shingo inavimba, macho yanafumba, na mlango haufunguki. Tulikaa dawati moja. Siku ya kwanza aliyosimamishwa, Kaijage alimuuliza kumi na mbili mara kumi na mbili. Bosko akaanza, "Mia m-m-m-m..." na mimi, kutoka pembeni yake, nikasema kwa sauti, "Mia mbuzi, Mwalimu, anaomba muda awahesabu." Darasa likaanguka kwa kicheko. Kaijage mwenyewe aligeukia ubao ili tusimwone. Kuanzia siku hiyo nilikuwa na kazi ya kudumu.

Niseme kitu kuhusu leseni yangu. Mmwera na Mngoni ni watani. Mababu zetu walichinjana, kisha wakaona ni nafuu kutukanana, na sisi wajukuu tumerithi ruhusa hiyo: naweza kumwambia Mmwera chochote, na yeye aniambie chochote, na sheria ni moja tu, hakuna kununa. Ukinuna umeshindwa. Sasa fikiria utani kati ya mtu mwenye mdomo kama wangu na mtu ambaye tusi lake linafika nusu saa baada ya watu kutawanyika. Bosko hakununa. Alikuwa anatabasamu tabasamu moja la mtu aliyekanyaga kaa la moto mbele ya wakwe, na mimi nililichukua tabasamu hilo kama risiti.

Na tulikuwa marafiki, ndicho kinachoniudhi. Nilikuwa nashinda getoni kwake kuliko kwetu. Alipanga chumba nyuma ya nyumba ya fundi redio mmoja karibu na soko, Fundi Chilumba. Kitanda cha kamba, ndoo, meza iliyotengenezwa kwa mlango wa zamani ambao bado ulikuwa na kitasa, na dirishani safu ya betri zilizokwisha zikiota jua ili zirudishe roho. Mama yake alikuwa anatuma ming'oko, vile viazi vya porini, kila Jumamosi kwa watu wanaoshuka mjini, na tulikuwa tunaichemsha na chumvi, tunaimenya kwa meno, tukisikiliza ukutani mazungumzo ya Fundi na wateja wake. "Fundi, redio yangu inaunguruma tu." "Uliinunua lini?" "Ni ya marehemu baba." "Basi ndiyo yeye, anakuuliza mbona hujalima." Bosko alijifunza kuchomelea nyaya kwenye baraza ya Fundi, kwa chuma kilichopashwa kwenye jiko la mkaa. Na akiwa anachomelea alikuwa anaimba nyimbo za kanisani, mistari mirefu, haikwami hata silabi moja. Nilimuuliza siku moja, kwa nini usimjibu Kaijage kwa kuimba? Akanitazama. "Na we-we-wewe utacheza ngoma?" akasema. Lile lilikuwa bao, na nilikiri.

Wazo lilikuja mwezi wa tatu. Kaijage alikuwa amemruhusu Bosko kushika kalkuleta mbili baada ya vipindi, kwa sababu hakuna mwingine aliyezitaka. Tulikuwa getoni, mimi nimelala kitandani nakula, yeye ameziunganisha kwa ule waya mfupi, anatuma saba, inafika saba, anatuma tisa, inafika tisa. Akauchomoa waya. Akaisogeza kalkuleta moja mpaka mwisho wa meza, akakaa anaitazama nafasi tupu iliyobaki katikati. "I-ikienda bila waya," akasema, "mi-mimi nabonyeza nikiwa nimekaa. Jibu li-linatokea mezani kwa Mwalimu. Si-sisimami." Nikacheka, maana nilidhani ni utani. Kisha nikaona hajatabasamu lile tabasamu lake. Sikuwahi kufikiria, nakuapia, kwamba kuna mtu anaamka asubuhi akiogopa kusimama.

Sasa ngoja nikuambie kuhusu miezi minane ya kukasirika. Daktari mmoja wa hospitali ya misheni ya Mnero alikuwa na watoto waliomaliza kuharibu gari mbili za kuchezea za rimoti, na mama yake Bosko, aliyekuwa anafua hospitalini pale, akatupatia mizoga. Mpango wa Bosko ulikuwa rahisi kuusema: rimoti ya gari inapiga mapigo hewani, gari linayapokea. Ukiifunga rimoti kwenye tundu la kalkuleta ya mwanafunzi, na kile kifaa cha kupokea cha gari kwenye ya mwalimu, basi mwanafunzi akibonyeza nne, rimoti inapiga mapigo manne, na kalkuleta ya pili inayahesabu. Rahisi kuusema. Aprili waya ulikatika ndani ya tundu. Mei tulipata mapigo, lakini Fundi akiwasha redio yake ukutani, nne inafika sita. Tukaenda kumwonyesha Kaijage hivyo hivyo. "Nne ikifika sita hiyo si hesabu," akasema, "hiyo ni kampeni." Juni betri zilikufa, tukazianika juu ya paa, kunguru akaondoka na moja. Julai Bosko aliandika upya hatua zote ndani ya kalkuleta, usiku na mchana, na siku alipomaliza mimi niliikalia kalkuleta, hatua zote zikafutika. Sikukusudia. Ilikuwa kitandani, na mimi ndiko nilikoishi. Alifungua mdomo kunitukana, tusi likakwama, mpaka lilipotoka nilikuwa nimeshakwenda kununua mihogo. Agosti ilifanya kazi siku mbili mfululizo, kisha ikaacha bila kutoa sababu. Septemba tuligundua kwamba viungo vya waya vinagusana kila ukiitikisa, na utepe wa kufungia waya ulikuwa umekwisha mjini kote, Fundi mwenyewe alikuwa anafungia kwa vipande vya mfuko wa sukari.

Hapo ndipo mimi, ambaye mchango wangu mpaka siku hiyo ulikuwa kupuliza mkaa na kula ming'oko, nilipata wazo langu pekee la mwaka. Gundi ya mkorosho. Kila mtoto wa huku anaijua: yale machozi ya rangi ya asali yanayoganda kwenye shina, unayachuma, unayayeyusha kwenye kijiko na maji kidogo, unagundisha daftari, kishada, kiatu, kitu chochote. Ikikauka inakuwa ngumu kama kioo. Nikamwambia Bosko, paka kila kiungo, ikikauka hakuna waya utakaosogea wala kugusana na mwenzake. Akaigeuza punje ya gundi niliyomletea vidoleni muda mrefu. Akaanza kusema kitu, nikamkatiza, nikamwambia asante zake zitakuja baadaye. Tukapaka. Nilipaka mimi mwenyewe, kwa kijiko, kwa fahari kubwa, tabaka tatu.

Na ilifanya kazi! Oktoba, jua kali, vumbi mpaka kwenye kope, mitaa yote ya mjini inanuka mabibo, Mwalimu Kaijage alisimama golini na kalkuleta ya kupokea, Bosko amekaa kwenye dawati lake dirishani, mimi katikati ya uwanja kama refa. "Saba mara nane, toa arobaini na tisa!" akapiga kelele Kaijage. Bosko akabonyeza. Nikamwona Mwalimu anainama kutazama kioo, anainama zaidi, anavua miwani, anaivaa. Akauliza tena, na tena, maswali kumi na mawili, na kila mara akawa anainama vilevile. Alirudi akitembea kama mtu aliyepata barua yake ya Bukoba. Alisimama mbele ya dawati na, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakumwambia Bosko asimame. "Novemba kuna maonyesho ya sayansi ya shule, Ruangwa," akasema. "Ikifanya kazi mbele ya wageni kama ilivyofanya hapa, Mkuu ameahidi kalkuleta hizi hazifungiwi. Na mimi nakuahidi, mwakani utajibu kwa hii. Hutasimama tena darasani kwangu." Bosko akasema, "A-a-a-a..." na Kaijage akamgusa bega, akaondoka kabla asante haijafika. Unaona? Hata yeye.

Jumapili kabla ya maonyesho tulikwenda Mnero kwa mama yake. Nyumba ilikuwa na chumba kimoja cha mbele, chenye picha ya Bikira Maria, mkeka wa korosho zinazokauka, na kuku aliyeamini kwamba mkeka ni wake. Alitupikia ugali wa muhogo na kisamvu cha karanga, akakaa mbali kidogo anatutazama tunavyokula, Kiswahili chake kikitoka polepole, kimechujwa kwenye Kimwera. "Huko Ruangwa," akauliza, "mbele ya wakubwa, ataongea nani?" Nikajibu mimi, mdomo umejaa, "Mimi, mama. Usiwe na shaka. Yeye mikono, mimi mdomo." Akanitazama. "Yeye mdomo hana?" Bosko aliinamia bakuli. Nikacheka, nikamwambia anao, mama, ila barabara yake mbovu. Hakucheka. Nilidhani ni tatizo la lugha.

Siku yenyewe tulipanda pikapu iliyokuwa inapeleka magunia ya korosho Ruangwa, Mwalimu mbele na dereva, sisi juu ya magunia, Bosko amelikumbatia boksi la sabuni. Katikati ya njia mvua ya kwanza ya msimu ikatukuta. Siyo mvua kubwa, ni ile ya kunyunyiza, ambayo nguo hazilowi lakini kila kitu kinakuwa na unyevu, hata mawazo. Bosko akaliingiza boksi ndani ya shati. Tulipovuka daraja alilifungua kidogo, akaingiza kidole, akakitoa, akakitazama. Akanigeukia. "Hi-hii g-g-g..." Nikamwambia, "Najua, mwanangu, unaogopa. Usiogope, mimi nipo." Akatikisa kichwa, akaanza tena. Nikamwambia najua, najua, tukifika tutakula kwanza. Akaanza mara ya tatu, macho amefumba, mishipa imesimama, na mimi nikaimba moja ya nyimbo zake za kanisani kwa sauti ya kigugumizi, ili acheke. Akafunga boksi. Njia yote iliyobaki alitazama magunia.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Shule moja ilileta maharage yaliyoota kwenye pamba, nyingine sabuni ya majivu, nyingine mfano wa figo ambao ulikuwa unavuja. Zamu yetu ilipofika, Kaijage alikwenda mwisho wa ukumbi na kalkuleta ya kupokea, akasimama pembeni ya mgeni rasmi, mzee mmoja mnene mwenye suti na leso ya jasho. Mimi nikatoa hotuba. Nilikuwa mzuri, sikatai, watu walicheka mahali walipotakiwa kucheka. Kisha Kaijage akauliza swali lilelile la golini, kwa bahati njema labda, na Bosko akabonyeza saba. Mwalimu akainama. Akangoja. Akasema kwa sauti ndogo, "Rudia." Bosko akarudia. Ikaja tatu. Kisha, bila mtu kubonyeza chochote, ikaja tisa, ikaja moja, ikaja tisa tena. Watu wakaanza kunong'ona. Mgeni rasmi akasogea mpaka mezani kwetu, na kwa kweli hakuwa mtu mbaya, aliinama kabisa usawa wa uso wa Bosko na kumuuliza kwa upole, "Kijana wangu, hebu tuambie. Shida yake ni nini?"

Na Bosko alijua. Hilo sikulijua siku ile. Alijua shida ni nini, alijua tangu darajani, na alisimama mwenyewe, bila kuambiwa na mtu, akafungua mdomo mbele ya ukumbi mzima. "Ni g-g-g..." Ukumbi ukanyamaza. Nilihesabu kimoyomoyo, moja, mbili, na nakwambia ukimya ule ulikuwa unanichoma mimi, siyo yeye. Mimi ndiye niliyeshindwa kuuvumilia. Nikaruka. "Mheshimiwa," nikasema, "kalkuleta ni nzima kabisa, ila imerithi kigugumizi cha fundi wake!"

Sijawahi kuchekesha watu kama siku ile. Ukumbi ulivunjika. Mgeni rasmi alijipangusa machozi kwa leso yake ya jasho, akanipiga bega, akasema huyu atakuja kuwa mbunge, akaenda kwenye sabuni ya majivu. Bosko alibaki amesimama, mdomo bado uko wazi, neno bado liko mlangoni. Kisha akaufunga. Kaijage alikuja akachukua kalkuleta zote mbili, akazilaza kwenye boksi moja baada ya nyingine kama mtu anayelaza watoto. Hakunigombeza. "Angemaliza," aliniambia tu. "Nilikuwa nimeanza kumsubiri." Kurudi, Bosko alikaa mbele na dereva, Mwalimu akakaa nyuma na mimi. Wiki iliyofuata Mkuu alizifungia kalkuleta zote kabatini. Kaijage alihamishwa Desemba. Barua yake ilijibiwa mwaka ule ule ambao alikuwa ameacha kuiandika.

Januari shule ilipofunguliwa, dawati lilikuwa langu peke yangu. Jumamosi moja nilimkuta mama yake getoni kwa Fundi Chilumba, anakunja godoro. Nilimwamkia, nikamsaidia kufunga kamba, na kwa sababu nilishindwa kunyamaza nikaanza kueleza kwamba ule ulikuwa utani tu, mama, Mngoni na Mmwera, hakuna kununa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa hodari wa kusikiliza. Nadhani alifundishwa na mwanawe. "Utani naujua," akasema. "Baba yake alipokufa, Wangoni walikuja, wakatucheka sana. Wakacheka huku wameshika majembe, wanachimba kaburi. Wewe ulipocheka, ulishika nini?" Akajitwika godoro, akaondoka. Miaka miwili na ushei nimelitafutia swali hilo jibu la kuchekesha. Kwa kawaida sihitaji hata dakika.

Wiki iliyopita nilipanda gari kwenda Ruangwa na boksi la sabuni. Nilikuwa nimesikia kwamba Bosko anatengeneza simu pale, na sikupata shida kumpata, kila mtu anamjua. Kibanda chake kina meza, na meza hiyo ni ule mlango wa zamani, bado una kitasa. Alinitazama, akalitazama boksi, akanisogezea stuli kwa mguu. Kulikuwa na mama mmoja aliyeleta simu iliyotumbukia kwenye ndoo. "Itapona, fundi?" akauliza. Bosko akafungua mdomo, na komeo likaingia, lilelile, shingo ileile. Ulimi wangu ukasimama kwa miguu miwili. Na yule mama? Alifunga vizuri khanga yake. Akatazama njiani, akamsalimia mtu kwa mkono. Akarudisha macho. "I-i-i-itapona kesho," akasema Bosko. "Haya, asante," akasema mama, akaondoka. Basi, yakaisha. Nilitaka kupiga kitu teke. Miezi minane ya mapigo na antena na kunguru na betri, tunatafuta namna ya kupitisha jibu hewani, na mwanamke mwenye simu iliyolowa anafanya kazi hiyo bure kwa kutazama njiani!

Tulipobaki wawili akazitoa kalkuleta, akazifungua mgongo kwa bisibisi, akaona betri zilivyovuja, akasonya. Kisha akagusa viungo vya waya, pale nilipopaka tabaka tatu. Akaanza kusema. Nilikamata stuli kwa mikono yote miwili. Nilitazama njiani kama yule mama, nikaona mbuzi, nikaona mtu na baiskeli, nikaona mbuzi tena, na kila neno la Kiswahili linaloanza na G lilipita kichwani likiniomba nilitamke.

"Gu-gundi," akasema Bosko, "ilikuwa imelowa. Ikilowa inapitisha u-umeme. Nilitaka tusimamishe gari tuianike ki-kidogo." Nikasema, kwa nini hukuniambia? Akangoja mpaka nikamtazama.

"Ni-nilianza," akasema. "Mara tatu."

Nilikuwa na mzaha tayari, mzuri, bado ninao. Nikaumeza. Bosko akafungua droo, akatoa wembe, akauweka kwenye kiganja changu, akanisogezea kalkuleta. "Kwangua," akasema, na neno hilo halikukwama hata kidogo. Nikaanza kukwangua. Ilikuwa Juni, hewa kavu, na gundi yangu ilikuwa imekauka tena ndani ya kabati, ngumu kama kioo, haitoki.